Feni ya Kompyuta Ikilia, Isikilizwe

Kelele si kazi. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, wakalisema juu ya debe tupu. Leo sisi twataka kulisema juu ya kitu kidogo kuliko debe, kitu kinachokaa ndani ya sanduku la kompyuta katika ofisi zetu, kinachozunguka tangu asubuhi hata jioni, na ambacho wengi hawakitambui mpaka siku kinapoanza kulia. Twasema juu ya feni.

Huenda ndugu msomaji akashangaa kuona ukurasa huu, uliozoea kujadili bei za mazao na wajibu wa viongozi, unashuka mpaka kwenye kifaa kinachoenea kiganjani. Sisi hatuoni ajabu. Kakao ya Kyela siku hizi huuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na hesabu ya mkulima, tangu kilo alizopimiwa mpaka shilingi anazostahili, hupita ndani ya kompyuta. Matokeo ya mtihani wa mtoto wake hupita humo, maombi ya kazi ya kijana wake hupita humo, na orodha ya wanachama wa tawi lake kadhalika. Kompyuta ikizimika kwa joto katikati ya kazi hizo, anayeumia ni mama aliyetoka Makwale kwa miguu, ambaye ataambiwa arudi kesho. Kesho ni siku ya kupalilia mpunga. Hilo ndilo linalotufanya tuandike.

Nchi ya Kyela ni nchi ya joto. Ziwa Nyasa liko mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari, na uwanda wote wa mpunga, tangu mto Songwe mpaka Matema chini ya milima ya Livingstone, umelala karibu sawa na maji. Nyuma ya uwanda huo nchi hupanda ghafula, na Tukuyu, ambayo kwa gari si mbali, iko zaidi ya mita 1,500, mahali ambapo karani huingia ofisini na sweta. Kyela joto na unyevu hukaa kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ifikapo Aprili hakuna kinachokauka, si shuka wala karatasi.

Sasa yafaa ieleweke kwamba feni ya kompyuta haitengenezi baridi. Wengi hudhani hivyo, nao hukosea. Feni husukuma tu hewa ya chumbani ipite juu ya kipande cha chuma chenye mbavu nyingi nyembamba, ambacho kimepokea joto la prosesa. Haiwezi kamwe kukipoza chuma hicho chini ya joto la chumba chenyewe. Chumba cha Tukuyu kikiwa na nyuzi 20, feni huzunguka taratibu hata mtu akasahau kwamba ipo. Chumba cha Kyela kikiwa na nyuzi 33, chini ya bati lisilo na dari, kompyuta ile ile kwa kazi ile ile huanza safari yake nyuzi 13 juu zaidi, na feni hulazimika kukimbia. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba amepelekewa mashine mbovu kabla hajatazama bati lililo juu ya kichwa chake.

Tena kuna vumbi, na vumbi la Kyela si la namna moja. Wakati wa kiangazi liko la barabara. Wakati wa mavuno liko la mashine za kukoboa mpunga, na kwa bahati mbaya maduka mengi ya kupiga chapa na kutoa nakala hupenda kufunguliwa pale pale penye watu, jirani na mashine hizo. Ganda la mpunga lina silika nyingi ndani yake, yaani lile lile linalofanya mchanga uwe mchanga. Vumbi lake likiingia penye kitu kinachozunguka, hukisaga. Yapo masizi ya jiko la mkaa la mama anayekaanga maandazi mlangoni. Na kando ya ziwa wapo wale wadudu wadogo ambao upande wa Malawi huitwa kungu, na ambao watu huwakusanya, wakawaponda na kuwala. Hupaa kutoka majini kwa mawingu makubwa. Livingstone, aliyelifikia ziwa hili mwaka 1859, aliyafananisha mawingu hayo na moshi wa majani yanayoungua. Upepo ukiwaleta nchi kavu usiku huifuata taa, na feni ya kompyuta iliyoachwa inafanya kazi karibu na dirisha haibagui kati ya hewa na mdudu, huvuta vyote. Vikichanganyika na unyevu huwa blanketi. Jambo moja tu limewaokoa ndugu wa Kyela, nalo ni kwamba maji ya ziwa lao ni matamu. Wenzao wa Tanga na Mtwara wana chumvi ya bahari juu ya taabu nyingine zote.

Taifa letu limeishi na kompyuta kwa mashaka tangu mwanzo. Ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Wapo vijana wanaoicheka marufuku ile. Sisi hatuna haraka ya kucheka. Mashine za enzi zile zilikuwa za gharama kubwa, na kuzitunza kulitegemea wageni. Na mtu asiyeweza kutunza mali yake mwenyewe ana haki ya kujiuliza kama ni yake. Leo marufuku haipo, wala hatuitaki irudi, lakini swali la utunzaji limebaki pale pale, tena limesogea kutoka Wizarani mpaka kijijini.

Na iwapo neno feni lawaudhi baadhi ya wapenzi wa Kiswahili, wakumbuke kwamba lile jingine, pangaboi, linatunukia ofisi za kikoloni, ambamo Bwana Mkubwa aliketi akiandika huku mtu mzima, aliyeitwa boi, akivuta kamba ya pepeo la nguo juu ya kichwa chake. Feni ya kompyuta ni boi wa chuma. Haina mshahara wala likizo. Feni yenye kasi ya mizunguko 1,500 kwa dakika hutimiza mizunguko 720,000 katika siku moja ya kazi ya saa 8. Haidai kitu ila kusafishwa, nasi hata hilo twalinyima.

KUMTAFUTA ANAYELIA

Tumepata kuiona ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ambamo karani alichoshwa na kelele, akafungua sanduku na kuchomoa waya wa feni ya prosesa. Kelele zikakoma, ofisi nzima ikafurahi. Tangu siku ile kompyuta ikawa inazimika kila baada ya muda mfupi. Wakubwa wakakata shauri kwamba umeme ni mbaya, wakanunua kifaa cha kuudhibiti, tena kwa fedha nyingi. Kifaa kilikaa pale kinawaka taa ya kijani, na kompyuta ikaendelea kuzimika. Maana prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi, na joto likizidi hapo mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Ilikuwa inajiokoa, nao wakadhani inaumwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kuinyamazisha kelele bali kuisikiliza, kama daktari anavyosikiliza kifua. Mvumo mkubwa wa hewa, kama wa upepo katika migomba, huonyesha kwamba feni ni nzima lakini inakimbia mno: ama mbavu za chuma zimeziba, ama chumba kina joto, ama prosesa imebebeshwa kazi. Hili la tatu husahauliwa. Kompyuta ambayo hakuna anayeitumia, na bado inavuma, huenda ina programu inayofanya kazi kichinichini, pengine kirusi kilicholetwa na flashi ya mteja. Hapo hata feni mpya haitasaidia. Mkwaruzo au mlio wa kusaga, hasa asubuhi mashine ikiwa bado baridi, ni wa bushi au beringi iliyokauka. Mlio wa tiki-tiki-tiki mara nyingi ni waya uliolegea unaoguswa na mabawa, na dawa yake ni kuufunga kwa uzi tu. Na sanduku zima likitetemeka, tafuta skrubu iliyolegea, au meza yenye mguu mfupi.

Katika sanduku la kawaida feni huwa tatu: ya prosesa, ya mgongoni mwa sanduku, na ya pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani. Kumjua anayelia, zungusha karatasi iwe bomba, ncha moja sikioni na nyingine ukiisogeza mbele ya kila feni bila kuigusa. Ikikushinda, zima mashine, chomoa waya wa feni ya mgongoni, uiwashe tena kwa dakika chache. Ile ya prosesa usiichomoe hata kwa majaribio.

KUSAFISHA NA KUTIA MAFUTA

Kazi yenyewe yataka saa moja, mwanga wa kutosha, na vitu ambavyo Kyela haikosi. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Litoe sanduku nje barazani, maana vumbi likipulizwa ndani ya ofisi litarudi lilikotoka kabla ya saa sita. Gusa chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa kilicho ndani. Kisha chukua brashi laini ya rangi, ambayo haijapata kutumika, usugue mabawa ya feni na mbavu za chuma, huku mwenzako akipuliza kwa pampu ya baiskeli. Upepo wa pampu ya baiskeli watosha kabisa. Mashine ya upepo ya gereji isitumike, maana nguvu yake hung'oa vitu, na mara nyingi hutema maji pamoja na hewa.

Unapopuliza, shika mabawa kwa kidole yasizunguke. Vijana hupenda kuiona feni ikilia kwa kasi kwa upepo wa pampu. Lakini inapozungushwa hivyo kupita kasi yake huumiza beringi, na hugeuka kuwa jenereta ndogo inayorudisha umeme mahali usipotakiwa.

Pawasaplai isifunguliwe na asiye fundi. Hili twalisema kwa mkazo, wala si kwa kutisha watu. Ndani yake mna vihifadhi umeme vinavyoweza kubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa, na umeme wa volti 230 ukigeuzwa mle ndani hupanda kupita kiasi hicho. Pulizia kwa nje kwenye matundu yake, basi. Ikiwa feni yake ndiyo inayosaga, apewe fundi au inunuliwe nyingine.

Mafuta ni shauri jingine, na hapa pana ubishi mwingi. Feni za bei nafuu huzungukia kwenye bushi, yaani kijibomba cha madini kilicholowa mafuta. Mafuta hayo yakikauka ndipo inapoanza kukwaruza. Ukiibandua kwa uangalifu karatasi iliyo katikati, mara nyingi utakuta kitobo, chini yake ncha ya chuma. Weka tone moja la mafuta ya cherehani, au mawili, zungusha kwa kidole, pangusa pembeni pawe pakavu kabisa, kisha rudisha karatasi. Isiposhika, weka nyingine, maana kitobo kikibaki wazi kitakusanya vumbi. Tone moja, si kijiko. Na tafadhali yasiwe mawese. Twajua Kyela ina michikichi, na mawese yake twayasifu mezani. Lakini mafuta ya kula, yawe ya mawese, alizeti au nazi, huganda na kuwa gundi, na baada ya muda mfupi feni hukwama kabisa. Mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu nayo husaidia siku mbili tatu tu, maana huosha yale mazuri yaliyobaki, kisha huruka. Feni nyingine zimefungwa pande zote wala hazikuumbwa kutiwa mafuta. Hizo, na zile za beringi za gololi zilizokwisha kulika, dawa yake ni kubadilishwa.

Kati ya prosesa na kile chuma chenye mbavu umo ute wa kijivu au mweupe wa kupitisha joto. Kwa miaka hukauka ukawa kama chokaa, na hapo feni yaweza kukimbia mchana kutwa bila faida, maana joto haliwafikii wapokezi. Ukiinua chuma hicho, ute wa zamani sharti ufutwe kwa spiriti na kitambaa, na mpya uwekwe kiasi cha punje ya mchele. Mchele wa Kyela ni mrefu kidogo, lakini hata hivyo punje moja yatosha.

Baada ya hayo yote, kelele ikibaki, tazama pale feni ilipofungwa. Chuma juu ya chuma hupeleka mtetemo katika sanduku lote, nalo huwa kama ngoma. Kata vipande vidogo vya mpira wa ndani wa baiskeli, uviweke kati ya feni na sanduku kwenye skrubu zote nne, na vingine chini ya miguu ya sanduku lenyewe. Hii ni kazi ya shilingi sifuri. Sanduku lisikae sakafuni, ambako ufagio wa asubuhi hulilisha vumbi, wala lisisukumwe mpaka ukutani. Nyuma yake ibaki nafasi ya shibiri moja, kwa kuwa hewa huingia mbele na kutokea nyuma, na iliyotoka moto isipopata njia hurudi kuvutwa tena. Wenye kompyuta za mapajani wasiziweke juu ya godoro au kitambaa cha meza kilichotuna, maana matundu yake yako tumboni.

Wapo watakaouliza kama inafaa kuipunguzia feni kasi. Yafaa, lakini baada ya kusafisha, si kabla. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kasi ya feni katika programu ile ya awali inayoamka kabla ya Windows, ambayo mafundi huiita bayosi. Humo feni huagizwa ifuate joto, ipande na kushuka. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli zipatazo 15, na sikio la binadamu huhesabu kila desibeli 10 kuwa nusu ya kelele. Kwa sababu hiyo feni kubwa inayozunguka polepole ni bora kuliko ndogo inayokimbia: ya milimita 120 hufagia eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 80. Sanduku lenye nafasi ya feni kubwa lisifungwe ndogo kwa ubahili wa shilingi chache. Ila kwa Kyela, mwezi wa Novemba, tusidanganyane: ukimya wa Tukuyu haupatikani. Kinachopatikana ni mvumo wa kadiri, ambao mtu aweza kupiga hesabu juu yake bila kupandisha sauti.

Anayekwenda kununua feni aende na ile mbovu mkononi. Apime upana wake kwa rula, asome volti kwenye karatasi yake, ambazo kwa kawaida ni 12, na ahesabu nyaya, kama ni mbili, tatu au nne. Zenye nne ndizo zinazopokea amri ya kasi vizuri zaidi. Wakati wa kuifunga, upande wenye ile karatasi na vijiti ndio hewa inakotokea. Tumekuta feni za mgongoni zilizofungwa kinyume, zikivuta joto la ukuta na kuliingiza ndani, na wenyewe wakilalamika kwamba mpya hazina ubora.

Sasa tuje kwa wenye dhamana. Mara nyingi ziko fedha za kununua kompyuta, kuzindua chumba cha kompyuta na kupiga picha. Brashi ya rangi na tone la mafuta havina fungu. Mwalimu husema si kazi yake, mhasibu husema ni ya fundi, na fundi huitwa baada ya mashine kufa. Twashauri, kwa vyama vya ushirika, shule na ofisi za matawi katika kata zote tangu Kasumulu mpaka Matema, kwamba mtu mmoja kwa jina akabidhiwe kazi hii, naye aifanye kila miezi mitatu: mara moja baada ya mvua kubwa, na mara moja lazima baada ya mavuno ya mpunga, vumbi la mashine za kukoboa likiisha kutulia. Apewe bisibisi ya msalaba, brashi, pampu, kichupa cha mafuta ya cherehani, spiriti, na kipande cha mpira wa baiskeli. Vyote vyaenea katika boksi moja la viatu, isipokuwa pampu. Boksi likae juu ya kabati la mafaili, na ndani yake iwekwe karatasi iliyoandikwa tarehe ya mara ya mwisho feni iliposafishwa na sahihi ya aliyeisafisha, ili katibu akija kukagua, aombe kwanza karatasi hiyo.